Ubingwa wa Masudi

Jumapili, Mei 1998. Mvua tangu asubuhi, na baridi ya kuudhi kwa mwezi ambao watu wa hapa Toronto wanauita wa maua.

Leo ligi ya Hispania imekwisha na timu ya Masudi imekabidhiwa kombe. Ubingwa wenyewe waliupata wiki kadhaa zilizopita, mechi zikiwa bado zimebaki, kwa sababu hakuna timu iliyoweza kuwafikia. Nyumbani kwao hawakufungwa msimu mzima. Ugenini walikuwa wanafika, wanafunga mawili ya haraka, halafu wanacheza kama watu walio mazoezini. Tangu vuli nimewatazama wakishinda kila Jumapili, na kila Jumapili nimerudi nyumbani nimenuna.

Naandika haya kwenye daftari, jikoni. Jumanne nikienda maktaba nitayaweka kwenye ukurasa wangu wa intaneti, ambao sidhani kuna mtu anausoma. Afadhali hivyo.

Masudi ni winga wa kushoto wa timu hiyo. Mimi na yeye tumezaliwa mtaa mmoja, Buyenzi, pale Bujumbura, nyumba yao na yetu zikigawana ukuta. Tulicheza pamoja tangu wadogo, yeye kushoto, mimi kulia. Watu wa mtaani walibishana nani mkali zaidi, na wengi walisema ni mimi. Katika yote ninayoyasimulia hapa Toronto kuhusu Masudi, hilo ndilo la kweli.

Mechi tunaziangalia kwa Mreno mmoja mwenye mkahawa Danforth, si mbali na Crescent Town ninapoishi na mke wangu Zaina. Mreno ana dishi kubwa juu ya paa, na saa tano asubuhi mkahawa unajaa Warundi na Wakongo, makoti yamelowa, kila mtu na kikombe chake. Aliyenipeleka huko mara ya kwanza ni Amisi, mtu wa Uvira, tunayefanya naye kazi kiwanda cha mikate Etobicoke. Ni Amisi pia aliyezoea kunitambulisha kwa kila anayeingia: "Huyu hapa ndiye aliyemwachia Masudi nafasi."

Maneno hayo aliyatoa mdomoni mwangu. Niliyasema siku moja nikiwa nimechoka, nikiwa nimesimama mbele ya tanuri tangu alfajiri, na redio ya kiwandani imetaja bao la Masudi. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba na mimi nilikuwa mchezaji. Yakatoka, na sikuweza kuyarudisha.

Leo kulikuwa na wageni wawili waliofika majuzi kutoka kambi za Kigoma. Amisi alikuwa amenunua keki. Kabla mpira haujaanza akagonga meza.

"Rama, wasimulie hawa. Hawajaisikia."

"Kila mtu ameshaisikia, Amisi."

"Hawa hawajaisikia, ndugu yangu. Usiwanyime."

Nikasimulia. Wakala kutoka Ubelgiji alikuja Bujumbura akatutaka wote wawili, lakini nafasi ilikuwa moja. Mama yangu alikuwa mgonjwa sana. Nikamwambia Masudi, nenda wewe, mimi nitabaki na mama. Leo nikaongeza kwamba tulilia uwanja wa ndege. Sikuwahi kufika uwanja wa ndege. Mmoja wa wageni wale, mtu mzima mwenye mvi, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Mungu atakulipa." Nikaitikia amina.

Kisha Masudi akatokea kwenye televisheni, amejifunga skafu ya timu kichwani, kombe mikononi. Watu wakasimama. Nikapiga makofi kwa sababu walikuwa wananitazama.

Msimu mzima nilimwombea ateguke mguu.

Nimeandika. Sijawahi kumwambia hata Zaina. Kila aliposhika mpira pale pembeni, wenzangu wakipaza sauti, mimi nilikuwa nangoja beki fulani amkanyage vizuri. Hakuna hata mmoja aliyempata. Alikuwa mwepesi vilevile kama zamani.

Nilirudi nyumbani mchana, nimebeba kipande cha keki cha Zaina. Saa tisa simu ikalia. Zaina akapokea, akasikiliza, akaniangalia kwa mshangao.

"Anasema ni Masudi."

Hatukuwa tumeongea tangu nifike Canada. Nilifikiri ni mzaha wa Amisi. Lakini sauti ilikuwa yake, na nyuma yake kulikuwa na vishindo vya sherehe, sahani, watoto, wanawake wanacheka.

"Rama, ndugu yangu."

"Masudi. Hongera."

"Umetuona?"

"Nimewaona mechi zote."

"Vizuri. Sasa kaa chini kwanza. Nina mtu hapa anataka kukusalimu, na sitaki ushtuke."

Akanieleza. Mama yangu yuko kwake. Tangu Februari.

Mama alikimbilia Kigoma wakati wa vita, anaishi na dada yangu. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemziba macho yote mawili mpaka akawa anashikwa mkono kwenda msalani. Hilo nilikuwa nalijua. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiomba aje Canada, na kwa miaka mitatu maofisa wamekuwa wakidai hati zilizoungua pamoja na nyumba yetu. Kila nikimpigia nilimwambia mambo yako karibu. Miezi hii ya mwisho dada yangu alikuwa ananiambia mama amekwenda kwa shangazi Dar. Kumbe Masudi alimtafutia pasi, visa, ndege na hospitali. Jicho la kulia limeshapasuliwa. Leo mama alikuwa uwanjani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alikataa," akasema Masudi. "Alisema utajiona mdogo."

Nilikuwa nimesimama hapa hapa jikoni, najiona mdogo.

"Kuna jambo moja," akaendelea. "Visa yake inakwisha mwezi ujao, na jicho la kushoto bado. Daktari anataka akae miezi sita zaidi. Mimi naweza kushughulikia. Lakini hataki kukaa mpaka wewe ukubali. Anasema ana mtoto wa kiume, na mtoto huyo ndiye wa kusema."

Halafu akampa simu.

"Rama, mwanangu."

"Mama. U mzima?"

"Mzima. Leo nimemwona Masudi mpaka namba ya mgongoni. Hata nyasi nimeziona."

"Alhamdulillahi."

Akanyamaza kidogo. Mama hanyamazi kwenye simu. Siku zote huongea haraka, akiogopa kukatika.

"Binamu yake Amisi alikuja hapa kutoka Ubelgiji," akasema. "Anasema huko kwenu mnasimulia kwamba uliacha safari kwa sababu niliugua."

Niliangalia keki iliyokuwa mezani.

"Mwaka ule sikuugua, Rama."

"Najua, mama."

"Na ile barua niliitoa mimi chini ya godoro lako. Nikampelekea Masudi kwa mkono wangu."

Sasa niandike habari ya barua, maana hakuna tena wa kumficha. Wakala alikuja kweli. Alitutazama sote wawili kwa mechi nzima, halafu akarudi kwao. Wiki chache baadaye ikaja barua kwenye sanduku la posta la baba, ambalo majirani wote walikuwa wanalitumia. Ilikuwa ya Masudi peke yake. Jina langu halikuwemo, hata kwa salamu. Ilimtaka ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niliifungua, nikaisoma njiani, nikaenda kuilaza chini ya godoro. Nililala juu yake siku tisa. Masudi alikuwa anakuja kila jioni kuniuliza, "Posta hakuna kitu?" Namjibu, hakuna.

Siku ya kumi sikuikuta. Nilidhani mdogo wangu ameichukua akatengenezea vishada. Baada ya siku chache nikasikia Masudi anasafiri, nikajiambia labda wamemwandikia barua ya pili. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani?

Kwa hiyo miaka kumi hii mama alikuwa anajua. Masudi alikuwa anajua. Niliyekuwa sijui kwamba inajulikana ni mimi.

"Kwa nini hukuniambia kitu, mama?"

"Nilisema utakuja kuniambia mwenyewe. Nikangoja. Halafu vikaja vita."

Hakuwa na hasira. Akaniuliza kama nimekula, akaniuliza habari za Zaina, akasema huko machungwa ni matamu kuliko ya kwetu. Kisha akamrudishia Masudi simu.

"Basi vipi?" Masudi akauliza. "Abaki?"

Hapa ndipo ninapoona aibu. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Mama yangu anataka kuona, daktari yupo, kitanda kipo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni:

"Ngoja nifikiri."

"Ufikiri nini, Rama?"

"Nimesema nitafikiri."

Sherehe ikawa inaendelea nyuma yake. Mtu alimwita kwa Kihispania, akamjibu kwa Kihispania, haraka, kama mzaliwa wa huko. Halafu akanisomea namba yake taratibu ili niandike. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenitukana. Angenitukana tungekuwa sawa kidogo.

Nilikaa sebuleni mpaka jioni, mvua inagonga dirisha, watoto wa jirani wanakimbizana kwenye korido. Nilikuwa na hasira, na kwa saa nzima niliipa majina mazuri. Nilijiambia ni heshima ya familia. Nilijiambia mwanamume hawezi kutunziwa mama yake na mtu wa nje. Nilijiambia walipaswa kunishirikisha tangu mwanzo. Yote yalisikika vizuri, kama ninavyosikika kwa Mreno siku za Jumapili.

Zaina aliniletea chai, akakaa mkabala nami, akangoja. Nikamweleza yote. Habari ya mama, ya jicho, ya Masudi. Kisha habari ya barua, na kwamba hadithi ya kuacha safari niliitunga mimi. Miaka sita ya ndoa ameisikia mara ngapi, na mara nyingine ameisimulia mwenyewe kwa wenzake, kwa fahari.

Alikuwa anaizungusha pete yake kidoleni.

"Na umemwambia nini kuhusu mama kubaki?"

"Nimemwambia nitafikiri."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni mlangoni.

"Jicho la kushoto nalo utalilalia siku tisa?"

Akainuka akaenda kukunja nguo.

Kwao sasa ni usiku mkubwa, siwezi kupiga. Kesho zamu yangu inaanza saa mbili. Nitampigia Masudi alfajiri, kwao kutakuwa kumekucha zamani, nimwambie mama abaki mpaka macho yote mawili yapone, na akipenda kukaa zaidi, akae. Hilo nitaweza kulisema. La barua sijui. Nimejaribu maneno kadhaa hapa pembeni ya daftari nimeyafuta yote. Na Amisi nitakuwa naye kwenye treni safari nzima mpaka Etobicoke. Nataka nimweleze kabla hatujashuka, amwambie na yule mzee mwenye mvi kwamba Mungu hana deni langu.

Sijawa mtu mwema kwa siku moja. Bado namwonea Masudi wivu. Namwonea zaidi kuliko jana, kwa sababu jana alikuwa amenishinda mpira tu.

Nitapiga saa kumi na moja na nusu. Zaina ameshatega saa, kisha akaisogeza upande wangu wa kitanda.