Zamu za Langoni

Nago, Okinawa
9 Machi 2018

Mpendwa ndugu yangu Seijun,

Hujambo huko Brazili? Shemeji Lúcia na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila mama yako mkono bado umefungwa plasta. Anakula vizuri, na kufoka kwake kuko pale pale.

Alikuambia kwenye simu kwamba aliteleza akichimba viazi. Si kweli.

Tangu Novemba mimi ni mlinzi kwenye lango la kambi ya Wamarekani, pale wanapofukia bahari yetu wajenge uwanja wa ndege za kivita. Nilikuficha kwa sababu mama yako hukaa chini mbele ya lango hilo na wazee wenzake, wakizuia malori. Kazi yetu ni kuwabeba mmoja mmoja na kuwaweka kando.

Siku ya kwanza kumbeba nilivaa barakoa na miwani nyeusi. Nikamwambia kwa Kijapani cha ofisini, "Samahani bibi, tunakusogeza." Kama simjui! Mama Mkubwa aliyenilea! Naye akaninong'oneza kwa lugha yetu ya nyumbani, "Piga magoti kwanza, wewe. Utajivunja kiuno."



Jumapili akaja na maandazi. Hakunigombeza. "Niambie zamu zako," akasema. "Nitakwenda siku ambazo hupo, nisikuaibishe mbele ya wenzako."

Hapo ndipo ningesema naacha kazi. Lakini mke wangu Harumi anajifungua Mei, na mimi ni mwoga. Nilichukua kalamu nikamwandikia siku zangu zote, tena nikamshukuru.

Alhamisi moja mwezi uliopita nilikuwa mapumzikoni. Walimbeba vijana wawili wa kutoka Japani bara, wasiomjua, akawaponyoka. Akaangukia mkono kwenye ukingo wa barabara.

Anakudanganya ili usinichukie. Nichukie tu, ndugu yangu. Kazi bado sijaacha.

Harumi anakusalimu, na mjomba Chōki anauliza kama umepata kitambi. Wazee wetu waliolala kaburini wawaangalie nyote huko mliko.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna hili la jana. Plasta inatolewa tarehe ishirini. Mama Mkubwa ameniomba zamu za mwezi ujao, na safari hii anataka siku ambazo nipo. "Wewe angalau unajua kunishika," kasema. Karatasi iko hapa mezani, na bado sijaandika kitu.

Wako akupendaye, japo kwa uso ulioinama,
Moritoshi