Mwito wa Tatu

Kisiwa cha Mechuque, 9 Juni 1984

Kwa Dada Edelmira,

Salamu nyingi. Hujambo na baridi ya Punta Arenas? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Yananiuma nikipanda boti tu. Kanisani hayaumi, kwa kuwa siendi.

Dada, telegramu umeshaipata, lakini ilikuwa na maneno sita, nami si mtu wa maneno sita. Mwanao Ovidio aliondoka bandari ya Quemchi Jumanne ile asubuhi na kiboti chake, amebeba magunia mawili ya unga. Ukungu ukashuka, mzito kama manyoya ya kondoo. Kiboti tulikiona Alhamisi kimekwama mwambani, injini imekufa, unga umelowa, yeye hayupo. Tumemtafuta siku nne, boti kumi na moja. Kamba ziliganda zikawa fimbo. Nilimwambia jirani yangu Zunilda, "Mtu akikojoa hapa itabidi aukate mkojo kwa shoka." Hakucheka.

Wanawake wanauliza kama tuanze sala za siku tisa. Mama yake ni wewe. Sema.

Mdogo wako,
Baudilio


Punta Arenas, 2 Julai 1984

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mguu unanisumbua, mengine namshukuru Mungu. Wewe je, unakula?

Msianze sala. Zile ni za maiti, na mimi sijaletewa hata kiatu cha mwanangu. Huenda yuko kisiwa fulani amevunjika mguu, anakula kome wa watu na kuwatongozea binti zao.

Jambo moja. Zunilda ameniandikia kwamba Jumanne ile nawe ulitoka Quemchi, peke yako, ukungu ule ule. Ulifika umepauka kama mshumaa, akakupa chai yetu ya mate ukaikataa, wewe ambaye hukuikataa hata siku tuliyomzika baba. Mlipita njia moja, Baudilio. Hukumwona? Hukumsikia? Nijibu bila mizaha.

Dada yako,
Edelmira


Mechuque, 19 Agosti 1984

Dada,

Salamu. Natumaini mguu umepoa. Ningekuambia posta iligoma, lakini niliyegoma ni mimi.

Unajua tunavyofanya ukungu ukishuka: unazima injini, unanyamaza, unasikiliza mbwa wa pwani wanabwekea wapi, ndipo unajua nyumbani ni upande gani. Jumanne ile nilizima. Mbwa kimya. Nikasikia mtu anaita, "Mjombaaa! Mjomba Baudi!" Sauti ilitoka kule ambako hakuna nchi kavu. Nywele zilinisimama, hata zile nilizopoteza zamani.

Unakumbuka alivyotufunza mama. Watu wa meli ya wafu wanajua jina lako, wanaiga sauti ya ndugu yako, ila wao huita mara mbili tu. Binadamu huita ya tatu. Usiitike kabla ya hapo. Basi nikahesabu moja. Ikaja ya pili, karibu zaidi: "Mjomba, ni mimi!"

Mimi ninayemcheka padre na maji yake ya baraka, niliwatukania wafu mama zao, nikawasha injini na kukimbia. Ya tatu sijui, Dada. Injini ilikuwa imeshawaka.

Sasa kila nikizima, anaita. Mchana kweupe, nikivusha abiria na kondoo wao.

"Mzee, unasikiliza nini? Tunaganda!"

"Nasikiliza mbwa."

"Mbwa gani, na pwani tunaiona? Washa bwana, au nishuke nisukume?"

Anaita mara mbili. Kisha ananyamaza, kama mtu anayesubiri zamu ya mwenzake.

Mdogo wako, kama bado naruhusiwa,
Baudilio


Punta Arenas, 11 Septemba 1984

Baudilio,

Leo sikuulizi hali.

Sheria ile ya mama nilimfundisha Ovidio kabla hajang'oka meno ya utoto. Nilimwambia, ukikwama majini ita mara tatu, wajue u mtu. Mwanangu alikuwa msikivu. Kwa hiyo ya tatu aliita. Usiniandikie tena kwamba hujui.

Anzeni sala. Nitakuja na meli ya mwezi wa kumi. Utanipeleka pale pale, na injini utaizima.

Mama yake Ovidio


Mechuque, 4 Novemba 1984

Dada,

Umefika salama? Mguu umestahimili safari? Mimi mzima, magoti ni yale yale.

Siku ile niliyokupeleka pale haitoki kichwani. Ulikaa mbele, umejifunika blanketi, mgongo umenipa mimi. Nilipozima injini akaita, na nikaona shingo yako inakakamaa. Hukungoja ya pili. Ukamwitikia, "Naam, mwanangu, mama nimekuja," taratibu, kama anayemwamsha mtu anywe chai. Pakawa kimya hata matone ya kamba nikayasikia. Kisha ukaniambia, "Washa." Siku tisa ulikaa nyumbani kwangu, na neno uliloniambia ni hilo moja.

Tangu uondoke, haiti tena. Zunilda anasema nimshukuru Mungu, nimepona. Umemchukua mwanao, ni haki yako. Lakini mimi sikuwahi kumwitika, Dada. Kila mara nilisema safari ijayo, safari ijayo nitafungua mdomo.

Jana nilizima injini katikati ya mlango wa bahari, hakuna ukungu wala nini, nikasimama na kupiga kelele: "Naam, Ovidio! Nipo hapa!" Nikaita mpaka koo likakauka. Maji yalikuwa maji tu.

Abiria mmoja, bibi mwenye kuku, akaniuliza, "Mzee, unamwitikia nani?"

Wote wakanitazama, wakingoja nitoe mmoja wa mizaha yangu wacheke. Nikawasha injini.

Niandikie, Dada. Hata matusi.

Mdogo wako,
Baudilio