Mashine Yenye Mdomo Mtupu

4 Februari

Mwanangu fundi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kikohozi ni kile kile cha siku zote, usikikuze. Habari za kazi na baridi?

Hospitali kubwa wamenipiga picha za kifua, wakanipa kisahani, ile CD, badala ya karatasi. Kompyuta mpya ya daktari wangu haina pa kukiingizia. Kasema nizihamishie picha kwenye fleshi nimpelekee. Nimejaribu kwenye kompyuta ya marehemu baba yako, imegoma. Nifanyeje? Nakuandikia kwa sababu simu yangu inasumbua.

Mama yako

15 Februari

Shikamoo mama,

Mimi sijambo, ila tangu nisome neno "kifua" usingizi umenipaa. Ndani ya ile trei ya kuwekea kisahani kuna jicho dogo la kioo, tunaliita lenzi. Linamulika kisahani kwa chini; mwanga ukigonga ule uso unaong'aa, unarudi na habari. Vumbi likikaa, halioni. Lifute taratibu kwa pamba kavu, kisha niandikie kila mlio unaousikia.

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Pamba nimepitisha. Trei inaingia, inalia tik, tik, taa ya kijani inapepesa kidogo, halafu kimya. Kila siku hivyo hivyo. Uzee tu huo, kama wangu. Tuiache, daktari hana haraka.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Leo sitaki "mimi mzima". Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Hata lenzi ikiwa chafu, kisahani hakinyamazi hivyo: kinazunguka, kinavuma, kinakwama, kinaanza tena. Hiyo tik-tik ni lenzi inayopanda na kushuka ikitafuta pa kumulika, inakosa, inaacha. Mama, unafunga trei bila kitu ndani.

Wewe ndiye uliyenifundisha methali ya mficha maradhi. Siimalizii, naogopa hata kuiandika. Kiweke kisahani, mama yangu.

Mwanao

30 Machi

Marahaba mwanangu,

Umenikamata kama mtoto mwenye sukari mdomoni. Kisahani kilikuwa chini ya godoro, wiki nane nimekilalia. Simu nayo nzima. Niliogopa utasikia pumzi zangu zinavyokatika. Nilijiambia kisiposomwa, hakuna kilichoandikwa.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Jana mchana nimekiweka, uso unaong'aa chini. Kikazunguka, kikavuma mpaka meza ikatetemeka, nami naomba kisimame. Hakikusimama. Nikafungua picha moja, nyingine sikuweza. Mimi sijui kusoma kifua cha mtu, lakini upande mmoja haufanani na mwenzake. Nimeogopa, mwanangu. Nimeogopa sana.

Zote nimezihamishia kwenye fleshi, iko kwenye pochi. Daktari kanipa tarehe kumi na tano Aprili, saa tatu asubuhi. Usinijibu kwa barua. Nipigie nikiwa pale kwenye benchi. Kama huna la kusema, usiseme. Kaa tu kwenye laini mpaka waniite.

Mama yako