Damu ya Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Wanaume na sindano! Pale maabara tunatafuta wazee wazima wa afya watupe damu kidogo, tuilinganishe na ya wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Protini tunayoifuatilia ni mpya, kiwango chake cha kawaida hakijulikani bado — bila mtu mwenye afya wa kulinganisha naye, namba zetu hazisemi kitu. Leo wahasibu wote walikumbuka kikao kwa pamoja. Dereva alisema damu yake ameshaiahidi kwa wanawe. Sikumwelewa, na nadhani hata yeye hakujielewa.

Jioni nikalalamika mezani. Baba mkwe akaweka kijiko chini. Chukueni yangu, akasema, mimi sijawahi kulazwa hata siku moja. Mume wangu akaitazama sahani yake.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Tangu ahamie kwetu namwita Mkaguzi — humu tu, kwenye shajara. Anakagua friji. Anakagua nilivyokunja taulo. Hata usiku namsikia akiamka mara kwa mara kukagua milango. Mwizi atakayeingia nyumba hii atapewa alama kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi alikuja maabara na tai. Alimuuliza nesi kama amenawa mikono. Akamwambia bosi wangu kwamba saa ya ukutani imechelewa. Bosi wangu, ambaye wanafunzi humwita Mama Protini (anajua, anajifanya hamnazo), akapanda juu ya kiti na kuirekebisha mwenyewe! Miaka yote niliyofanya kazi naye sijamwona akimtii mtu.

Damu ilipoanza kutoka, Mkaguzi akaitazama kwa fahari. Rangi nzuri, au siyo? Nesi akakubali. Ungebisha?

Wengine waliojiandikisha hawakutokea. Basi tunaanza naye peke yake. Ameshawaambia majirani kwamba wagonjwa wa hospitali nzima wanapimwa kwa kulinganishwa naye. Nilitaka kusema anatia chumvi. Lakini ni kweli.

Jumanne, 11 Machi

Shangwe! Wagonjwa walio kwenye dawa mpya tunayoijaribu, protini yao imelingana na ya mtu mwenye afya. Karibu sawa kabisa! Mama Protini alicheza — kwa mabega tu, lakini alicheza. Akatuagizia soda. Akampigia simu daktari wa wodi, sauti imejaa tabasamu.

Nyumbani nikamwambia Mkaguzi kwamba damu yake imetusaidia sana. Kichwa kikamvimba. Akauliza kama kuna cheti. Akauliza pia amepata ngapi. Nikamwambia hatutoi alama. Akasema ndiyo maana sayansi haiendelei.

Jumatano, 12 Machi

Kuna kitu hakiniingii akilini. Wagonjwa ambao hawajaanza dawa nao wamelingana na mtu mwenye afya. Wao wanasubiri tu zamu yao. Tangu lini foleni inatibu?

Nilimwambia Mama Protini. Akasema nimechanganya mirija, nirudie. Nikarudia. Yale yale. Akaja kukaa kando yangu, tukarudia pamoja. Kisha nikatoa kwenye jokofu damu ya wanaume wenye afya iliyobaki kwenye utafiti wa zamani, tuliyokuwa tumeisahau. Protini yao iko chini. Chini kabisa.

Kwa hiyo wagonjwa hawajashuka. Aliyepanda ni Mkaguzi.

Tulichukua rula iliyopinda, kisha tukafurahi kwamba kila mstari umenyooka. Mama Protini alifunga mlango. Akaongea polepole: si lazima iwe saratani. Inaweza kuwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni, inaweza kuwa maambukizi, na protini yenyewe bado hatuijui vizuri. Achunguzwe kwanza. Na wa kumwambia ni daktari, ndiyo kanuni. "Na wewe ni mkwewe," akaongeza, "kwa hiyo funga mdomo mara mbili." Halafu akapiga tena simu wodini kuirudisha furaha ya jana.

Njiani nikawaza zile safari zake za usiku. Milango! Kumbe mzee wa watu alikuwa anakwenda chooni. Ninafanya kazi ya tezi dume kutwa nzima, halafu nyumbani nasikia nyayo naandika utani.

Ijumaa, 14 Machi

Nesi alimpigia. Aje kliniki Jumatatu, na aje na mtu wa nyumbani. Mkaguzi akakata simu akatangaza: wameipenda, wanataka nyingine. Mimi nikawa nakatakata vitunguu ambavyo hatukuvihitaji.

Nikamwomba mume wangu ampeleke baba yake. Sikusema kwa nini. Akasema ana kikao. Nikamwuliza kikao gani. Akasema akiona damu anapata kizunguzungu. Angalau huyu amesema ukweli wakati wa swali la pili.

Basi nitakwenda mimi. Mimi! Tangu niolewe, baba mkwe na mimi hatujawahi kuzungumzia kitu chochote kilicho chini ya kifua. Akiumwa tumbo anamwambia mume wangu, mume wangu ananiambia mimi, mimi namtumia dawa kwa njia hiyo hiyo. Kazini nalitamka neno tezi dume kabla ya chai. Mbele yake hata kusema "kibofu" siwezi.

Nampenda huyu mzee. Sijawahi kuliandika hilo.

Jumapili, 16 Machi

Leo hakukagua chochote. Amelipita friji. Nikaacha sufuria kwenye kiti makusudi kabisa, nione. Akaisogeza kidogo apate pa kukaa, akakaa.

Naogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Mkaguzi yuko pembeni yangu, hakuvaa tai. Anajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Lina mistari mitatu. Amelisoma tangu tufike.

Muda mfupi uliopita aliniambia, bila kugeuka: "Mwanangu, shuleni nilipokuwa namwita mtoto pamoja na mlezi wake, haikuwa kumpongeza."

Nikasema daktari atakueleza, Baba.

"Najua atanieleza, ndiyo kazi yake. Mimi nakuuliza wewe. Unaogopa?"

Kanuni haisemi chochote juu ya swali hilo. Nikasema naogopa.

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimepata jibu sahihi. "Mimi pia," akasema.

Kisha akauliza wale wagonjwa niliokuwa nawalinganisha naye wanaendeleaje. Nikamwambia ukweli. Wawili hali si nzuri. Wengine wamerudi kazini. Mmoja anashinda wodini akicheza karata, na anaiba, na kila mtu anajua. Akauliza anaibaje. Nikamweleza. Akasema huyo hajafundishwa vizuri.

Wanamwita sasa. Amesimama, amenyoosha koti, ameingia. Mimi nimebaki. Mkwe haingii kwenye chumba cha namna hii, yeye anajua, mimi najua, na hatukuhitaji kulizungumza.

Ila mlango haujafungwa. Ameushika kwa ndani, ananitazama. Daktari anamkaribisha kiti, na sauti ya mwalimu mstaafu inasikika korido nzima:

"Ngoja kidogo, daktari. Bado hatujatimia."