Alama ya Nyuma Kushoto

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, presha imetulia, na lile goti halikusumbui unapoinama mabandani. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Jana mwalimu mmoja mstaafu alileta kobe hapa kliniki ya wanyama ninapofanya kazi. Ni wa aina mnayoizalisha huko shambani kwenu, kobe bapa wa majabali, mpana kama kisahani cha chai. Alimnunua dukani miezi mitatu iliyopita, na sasa hali, anachimbachimba tu pembe za boksi. Tukampiga picha ya eksirei. Baba, ana yai tumboni. Moja, kubwa, limejaa mle ndani kama mpangaji aliyelipia mwaka mzima.

Daktari akaomba cheti. Kimeandikwa amezaliwa shambani, umri miaka miwili. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kobe huyu hatagi mpaka atimize minane au tisa. Daktari akasema, "Basi huyu kaolewa akiwa chekechea." Nikacheka naye, mpaka nilipofika chini ya karatasi. Sahihi ni yako, na ule mkia wa herufi ya mwisho unaoburuta hadi ukingoni.

Daktari hajui ni baba yangu. Kuna kamati inakusanya maoni, kama biashara ya kuuza kobe, nyoka na vinyonga wa kufugwa iendelee kuruhusiwa au ipigwe marufuku. Daktari ameitwa, na anakitaka hicho cheti. Nimemwambia sikumbuki nilipokiweka. Kimo ndani ya mkoba wangu.

Na jambo jingine. Alama yake, ile mnayoikwangua kwa tupa ukingoni mwa gamba, iko nyuma kushoto. Za shambani si huwa mbele kulia?

Niambie kuna mtu ameiga mkono wako.

Binti yako


15 Februari

Kwako mama,

Marahaba. Mimi mzima wa kiasi. Goti linalalamika, lakini nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Kuhusu mgonjwa wenu, usijisumbue. Kobe wa hapa wanalishwa vizuri na hukua haraka. Mwenye shamba husema lishe ikiwa nzuri, umri ni tarakimu tu. Mambo haya usiyaandike kwenye barua. Anayezibeba ni dereva wa chakula cha wanyama, na hapa hakuna bahasha inayofika bila kupapaswa. Tupo watu kumi na tisa tunaoishi kwa kibali hiki, chenye mhuri wa serikali. Sisi si majangili.

Cheti hicho kichane. Unakula vizuri? Mara ya mwisho ulikuwa umekonda.

Baba yako


2 Machi

Baba,

Shikamoo. Ninakula, ila chakula hakishuki.

Yai limetagwa salama. Tumelifukia kwenye boksi la mchanga, chini ya taa. Cheti sikukichana.

Nimemtazama kobe huyu kwa lenzi. Gamba lake limelika kama kisigino cha kiatu cha zamani. Aliyezaliwa bandani, kwenye mchanga mlaini, angejisugulia wapi? Huyu alikuwa anajibana kwenye nyufa za mwamba tangu mimi niko shule ya msingi.

Yule mwalimu alilia. Kabla ya kununua aliuliza mara mbili kama ni halali, wakamwonyesha cheti. Hakuamini duka, baba. Aliamini kwamba kuna mtu ameweka jina lake pale chini.

Kamati inakaa tarehe 14 Aprili. Nikikitoa cheti, utafungwa. Nisipokitoa, nitakuwa nimeidanganya karatasi kama aliyeiandika. Kila daktari akiniita naruka. Nijibu, hata kama ni kwa kunigombeza.

Binti yako


25 Machi

Baba, shikamoo. Tangu Februari sina jibu lako hata moja. Nimepiga simu ya ofisini, mwenye shamba akapokea mwenyewe, akasema uko mabandani na huna nafasi. Alikuwa mpole mno. Upole ule umenitia hofu kuliko kama angefoka. Je, unaumwa? Wamesoma barua zangu? Niandikie neno moja tu, niujue mkono wako.

Binti yako


6 Aprili

Kwako mama,

Marahaba nyingi. Barua hii nimempa muuza mkaa aipeleke posta, dereva simwamini tena. Zako nimezisoma mpaka zimelegea kwenye mikunjo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mwoga.

Mkono ule ni wangu. Miaka ya mwanzo nilisaini kobe niliowaona kwa macho yangu wakipasua yai. Kisha mayai yakagoma, misimu miwili mfululizo, na maduka ya mjini yakawa yanadai. Mwenye shamba akaanza kuleta magunia ya kobe wa porini. Akasema tunaazima tu mpaka mayai yarudi. Nilisaini mmoja, nikakosa raha wiki nzima. Wa pili hakuniuma sana. Hapo ndipo nilipaswa kujiogopa.

Baada ya barua yako ya pili niliomba kupanda gari hadi kule yanakotoka magunia. Wanatumia mitaimbo. Kobe akijibana ndani ya ufa, wanaupasua mwamba wote wamtoe. Nimeona kilima kizima kimekuwa kokoto. Mti ukikatwa huchipua, mwanangu, mwamba hauchipui.

Huenda unajiuliza nasimama wapi kuhusu biashara hii. Ikikatazwa, wenye mitaimbo hawataacha, watawapitisha kobe kwa magendo ndani ya soksi na wengi watafia humo bila maji. Ikiruhusiwa, atakuwepo mtu kama mimi wa kuandika. Kibali chote kilikuwa kimeegemea kalamu yangu, na kalamu ikasema uongo. Kwa hiyo usiniulize mimi, sina uso wa kuwashauri watu.

Lakini jambo moja lijue. Karatasi niliweza kuidanganya, gamba sikuweza. Kila aliyetoka kwenye gunia nilimtia tupa nyuma kushoto, mahali ambapo shambani hatupatumii. Sikujua ninamwekea nani alama ile. Sasa najua.

Kitoe cheti. Wakikuuliza sahihi ni ya nani, usinifiche.

Baba yako


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekitoa.

Nilianza na daktari. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kiti, akaniambia nikae kabla sijaanguka.

Ukumbini watu walibishana asubuhi nzima. Mfugaji mmoja wa nyoka alisema amewazalisha nyumbani kwake miaka kumi kutoka jozi moja, na kumkataza yeye ni kumwadhibu kwa wizi wa mwingine. Nilimwonea huruma, maana alisema kweli. Afisa wa wanyamapori akajibu kwamba penye soko hapakosi mtaimbo, na madukani hakuna awezaye kumtofautisha wa nyumbani na wa porini. Naye alisema kweli. Kisha nikaitwa mimi.

Mwenyekiti aliuliza kama naitambua sahihi. Nikasema, "Ni ya baba yangu. Na alama ya nyuma kushoto ni yake pia. Hiyo haikudanganya."

Tangu siku hiyo maafisa wanazunguka madukani wakikagua magamba. Mpaka jana, sitini na mmoja wana alama hiyo, wote na vyeti vya kuzaliwa shambani. Watakuja kwako, baba, leo au kesho. Weka dawa za presha mfukoni, si kwenye begi, begi wanaweza kulichukua. Vaa sweta.

Nisamehe.

Binti yako


30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimeambiwa askari hufungua barua kabla hazijakufikia, kwa hiyo shikamoo na wewe afande, na tafadhali mwambie mzee anywe dawa kila asubuhi, si siku anapokumbuka. Hii ni barua ya nne tangu wakuchukue mwezi wa tano, na hujajibu hata moja. Nikisikia posta wanabisha hodi nakimbilia mlangoni. Sijui unaninunia, unaumwa, au huna kalamu.

Kamati imeomba muda zaidi. Shamba limefungwa, mwenye shamba yuko nje kwa dhamana, na wenzako kumi na wanane wako nyumbani bila kazi. Mmoja wao alinipigia simu akanitukana.

Lakini Jumanne yai limepasuka. Nilikuwa pale, nimesimama na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Alitoa pua, akapumzika karibu saa nzima, akatoka. Anaenea kiganjani na nafasi inabaki.

Sheria inataka kila kobe anayezaliwa katika ufugaji awe na cheti chenye sahihi ya mtaalamu. Nimekiweka humu. Nimejaza kila kitu, nimeuacha mstari wa chini. Daktari hana pingamizi. Hiki ni cha kweli, baba. Nataka jina lako likae kwenye kimoja cha kweli.

Binti yako


12 Septemba

Kwako mama,

Marahaba. Afande naye anasema marahaba, ingawa amekuzidi miaka miwili tu. Dawa nakunywa. Goti limekutana na sakafu ya saruji, na hawajaelewana bado.

Sikununa hata siku moja. Kila nilipoanza kukuandikia nilijikuta najitetea, nikachana. Kesi ni tarehe 3 mwezi ujao, na nitakiri. Hao kumi na wanane wana haki ya kutukana, ila waelekeze matusi kwangu, si kwako.

Cheti nakirudisha humu. Umekijaza vizuri, mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wangu. Lakini mstari ule wa chini umeandikwa, "nathibitisha kuwa nimemwona akizaliwa." Sikumwona, mwanangu. Nilikuwa huku.

Weka sahihi wewe uliyeona. Akikomaa gamba, alama ni mbele kulia. Piga tupa taratibu, usimuumize.

Baba yako