Uji Ambao Hakuna Aliyeugusa

Mjukuu wangu Mugisha,

Tangu tusikie mmefika salama kwenye ulinzi wa amani, nyumba nzima imeshusha pumzi. Jicho la bibi yako limepona. Sasa anaona hadi vumbi la viatu vyangu, na ananisema.

Umeuliza mfanyeje watu wa huko waache kufunga milango mkipita. Hapa Gisenyi nasi tulifungiwa milango wakati wa vita. Tulikuwa askari wana wa wakimbizi, tuliokulia Tanzania, tukiwasaka waasi, na kwa wenyeji tulikuwa wageni wenye bunduki. Soko lilipofungwa siku kadhaa, tukapika pipa la uji tuwagawie. Kina mama wakawavuta watoto wao nyuma. Nilikasirika sana.

Mama mmoja mzee, muuza viazi wa Bugeshi, akanisogelea. "Mutoto wangu, we mwenyewe haujaonja, sisi tutakunywa namna gani?"

Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Mama yangu alifanya hivyo hata ukimbizini Karagwe, nami nilidhani ni kiu yake tu. Nikanywa kikombe kizima, nikaungua ulimi, watu wakacheka. Yule mama akapokea chake, akamaliza, akaninong'oneza: "Kesho musipite njia ya Rugerero."

Hatukupita, na baadaye lilifukuliwa bomu pale. Miezi mizima tulikuwa tumewahoji watu bila kuambulia neno. Siku ile sikuwa nimeuliza chochote.

Bibi yako ameniletea chai sasa hivi. Ameshaionja.

Babu yako