Pua ya Azara

Jumatatu, 7 Januari
Leo daktari amemkata mke wangu Azara kipande cha nyama ndani ya pua, kikachunguzwe. Tangu upepo wa vumbi wa mwaka jana uso wake wauma, na pua haipokei harufu yoyote. Neno saratani halikutamkwa. Sote wawili tulilisikia!

Alhamisi, 10 Januari
Azara hutengeneza na kuuza dawadawa, kiungo cha mchuzi chenye harufu kali. Kama mbegu zilizovundikwa kapuni zimeiva, yeye hupima kwa pua. Kwetu mwanamume hafunui kapu hilo. Leo nimelifunua — kwa siri, mlango umefungwa.

“Inanukaje?”

“Vibaya sana.”

“Mzee, vibaya vipi? Kama maharage, au kama ngozi iliyolowekwa?”

Nilitamka kwa uthabiti: ngozi, yaani zimeiva.

Jumamosi, 12 Januari
Yalikuwa maharage; mbegu hazikuwa zimeiva. Sokoni mteja wake, Mma Lamisi, amepaza sauti: “Dada Azara, tangu lini unauza uji wa watoto?” Azara hakunitaja. Njiani alicheka hadi akashika shavu kwa maumivu. “Pua nzima, na haina kazi,” akasema — alikuwa akiisema yangu!

Jumanne, 22 Januari
Majibu. Si saratani. Si kifua kikuu, wala si kuvu. Alhamdulillahi!

“Askari wa mwili wamejaa humo, Mama,” alisema daktari, “lakini adui hatumwoni.” Ni uvimbe usio mahususi, basi. Nilisimama nikaomba, kwa heshima zote zinazostahili, ugonjwa huo upewe jina kamili. Azara akanivuta kanzu.

“Kaa, mzee. Mwisho utauombea cheti cha kuzaliwa.”

Dawa ya kupuliza; kuosha pua kwa maji ya chumvi. Je, harufu itarejea? Daktari hakuahidi.

Ijumaa, 15 Februari
Kila asubuhi namshikia bakuli, naye hupiga chafya, hunilowesha, huomba radhi, hucheka. Kuhusu makapu, sasa sikosei. Ninajivunia jambo hilo kuliko inavyofaa.

Leo nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nitoe taarifa, akaniziba kwa kiganja. “Nyamaza. Usiniambie.”

Nimeketi kizingitini. Nimekatazwa kusema, sikukatazwa kuandika. Ameondoa majani ya kufunikia. Ameinama juu ya kapu. Ameinua kichwa, akafumba macho. Ameinama tena, karibu zaidi — kidole kimoja bado kimeinuliwa kunizuia —